Uma wa Anayesubiri

Jumapili, 30 Januari

Pauline alinipa daftari hili Krismasi, na kila Jumapili akipiga simu kutoka Leeds huniuliza, "Baba, umeandika?" Leo nikimjibu ndiyo sitakuwa nimedanganya. Mvua tangu asubuhi.

Jumanne, 1 Februari

Mvua. Nimekihamisha kiti cha Connie kutoka dirishani hadi karibu na moto. Halafu nimekirudisha. Mchana nimekihamisha tena.

Alhamisi, 3 Februari

Amekuja Bi. Audrey Proud, katibu wa chama kinachogawa vishamba vya kijiji. Alisimama mlangoni koti lake likichuruzika maji, akasema hataki chai, halafu akaingia akanywa vikombe viwili.

"Edwin," akasema, "nimekuja kwa ajili ya kishamba cha Connie."

Nilijua. Tangu mke wangu augue hakuna aliyeshika uma wa kulimia pale, na majira mawili ya joto yamepita. Mimi nilikuwa namuuguza. Na hata alipokuwa mzima, kazi yangu kule ilikuwa kubeba mifuko tu.

"Watu walinyamaza kwa sababu ya ugonjwa," akaendelea. "Halafu ukaja msiba. Lakini sasa kuna aliyelalamika, na kuna mtu anasubiri zamu. Kamati itapita Jumamosi ya kabla ya wiki ya Pasaka, kama kila mwaka."

"Na uma?"

"Uma upo palepale. Sitaupinda kwa ajili yako, kwa hiyo usiniombe."

Kila mtu hapa anaujua uma, ila Pauline aliondoka mapema na huenda amesahau, basi naandika. Zamani, mgodi ulipokuwa wazi na kila mchimbaji akitaka mahali pa kupanda viazi, kamati ilikuwa ikiwapendelea jamaa zake mpaka watu wakashikana mashati. Ikaamuliwa kwamba kishamba kilichoachwa kikikaguliwa, anayesubiri zamu ndiye achome uma. Anachoma mara moja tu, popote apendapo, na kuinua. Udongo ukija safi, mwenyewe anabaki nacho. Ukija na mizizi ya magugu, kishamba ni cha aliyechoma.

Nilimuuliza nani anasubiri. Akasema Gillian Tweddle, yule mwanamke anayekaa juu ya duka la samaki na chipsi.

"Na nani amelalamika?"

"Hilo usiniulize."

Hakukuwa na haja ya kuuliza. Nani mwingine kama si huyo anayesubiri?

Alipoondoka niliosha vikombe, nikavifuta, nikaviosha tena. Connie alikuwa akirudi kutoka kule na udongo kwenye nyusi. Kwenye nyusi! Nilikuwa nikimuuliza kama analima kwa kichwa.

Sikitoi.

Jumamosi, 5 Februari

Nimekwenda. Lango limenasa kwa kutu, ikabidi nipande juu yake, mtu wa umri wangu. Nyasi kavu zinafika kiunoni. Miiba imeshuka kutoka kwenye ua wa miti na kutambaa hadi katikati. Banda la Connie limeinamia upande mmoja kama mlevi anayesikiliza siri. Ndani nilikuta sepetu yake, uma wake, na lile koti langu la kampuni ya mikate, alilolichukua siku niliyostaafu akisema sasa limepata kazi ya maana.

Len Dodds alikuwa upande wa pili wa uzio. Len ana vishamba viwili, hicho cha kando yetu na kile kinachofuata. Alikichukua cha pili mgodi ulipofungwa, wakati hakuna aliyekitaka. Analima liki, mboga za jamii ya vitunguu, kwa ajili ya mashindano, nene kama paja la mtoto, na bingwa wa liki kijijini kwetu anaheshimiwa kuliko mchungaji. Kwa Len hakuna gugu. Aliacha kusemezana na shemeji yake kwa sababu shemeji alidai ameliona moja.

"Umepotea njia, Dereva?" akasema. "Mikate tulishapata."

Nimeendesha gari la mikate miaka yangu yote ya kazi, na Len hajawahi kuniita kwa jina langu.

"Nataka kulima."

"Kulima nini?"

"Hiki."

Alizitazama nyasi, akanitazama mimi, akazitazama nyasi tena. "Haya. Atakayeshinda nimeshamjua."

"Nianzie wapi?"

"Hapohapo uliposimama. Choma uma, inua, tikisa, toa mzizi wote mpaka nchani. Halafu rudi nyuma hatua moja, ufanye tena. Polepole, Dereva. Hiyo ni sangari, nyasi inayotambaa chini kwa chini. Sangari haiendeshwi mbio."

"Na nikimaliza?"

"Hutamaliza," akasema, akaingia kwenye banda lake la vioo.

Jumatatu, 7 Februari

Malengelenge mikono yote miwili.

Alhamisi, 10 Februari

Nimesafisha sehemu inayotosha kulaza mlango wa nyumba. Chini ya nyasi nimeokota kibao chenye mwandiko wa Connie kwa penseli: *Maharage, safu ya pili, usisahau.* Sijui alikuwa akimwambia nani asisahau. Nilisimama nacho muda mrefu, halafu nikaona nimekanyaga mahali nilipokwisha kulima.

Jumamosi, 12 Februari

Gillian Tweddle alikuja langoni. Ni mwanamke mrefu, bado kijana, na nywele zake amezifunga kwa kamba ya bustani.

"Habari za kazi, Mzee Raine."

"Njema."

"Udongo wake mzuri."

"Ndiyo."

"Pale konani maji yatatuama."

Sikumjibu. Aliendelea kutazama huku na huku, kama mtu anayepima mapazia ya nyumba ambayo mgonjwa bado yumo ndani. Nilichimba kwa nguvu mpaka akaondoka.

Jumanne, 15 Februari

Leo ni siku ya chapati za maji, kabla ya Kwaresima. Ya kwanza ilinata, ya pili iliungua, ya tatu nimeila nikiwa nimesimama. Mwaka mmoja Connie aliirusha yake juu ikakaa kwenye taa, na tukaiacha huko mpaka Pauline arudi kutoka shuleni aione.

Alhamisi, 17 Februari

Kazi haiendi. Nikienda hivi, siku ya ukaguzi nitakuwa nimefika nusu tu. Nimekwenda asubuhi, nikarudi kula, nikaacha chakula mezani nikaenda tena.

Jumatatu, 21 Februari

Theluji.

Jumanne, 22 Februari

Theluji. Nimepanga kabati la vikombe.

Jumatano, 23 Februari

Theluji. Nimeenda hadi kwenye lango la kishamba, nikakitazama, nikarudi. Saa ya ukutani inapiga kelele ambazo sikuwahi kuzisikia. Nimeitoa betri. Sasa sijui ni saa ngapi, na hilo limekuwa baya zaidi.

Jumamosi, 26 Februari

Siku njema mno, lazima niandike.

Theluji imeyeyuka tangu juzi. Len amekwenda kwa dada yake Whitby, kwa hiyo hakuna wa kunisimanga. Jana nilipita mbele ya lile duka la mjini linalokodisha mashine, na dirishani kulikuwa na pawatila. Nilipoiona tu moyo ulitulia. Ina injini, ina gia, ina klachi. Nikajiambia, Edwin, hiki unakijua.

Asubuhi waliileta kwa gari na saa nne niliiwasha. Ilinitingisha meno, lakini ilikwenda! Sangari, miiba, kila kitu kiliingia chini ya yale majembe yanayozunguka na kikatoka udongo mweusi, laini, kama unga uliokwisha kuchanganywa kwa keki. Kazi ya wiki nyingi nimeimaliza kabla ya chai ya jioni. Gillian alipita, akasimama langoni, akafungua mdomo, akaufunga. Kama pawatila ingekuwa na honi ningempigia.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Nimekula mayai manne.

Jumapili, 27 Februari

Pauline amesema, "Hongera, Baba!" Nimelala usingizi wa mchana kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Jumanne, 1 Machi

Watu wanasimama kutazama. Mzee anayefuga njiwa kando ya vishamba amesema hajaona ardhi safi namna ile tangu Connie. Nimezipanga mbegu za viazi kwenye trei za mayai, macho yakielekea juu, katika chumba cha Pauline, kama Connie alivyokuwa akifanya ili zichipue kabla ya Ijumaa Kuu. Alikuwa akizima taa ya chumba kile anaziambia "lala salama", na mimi kitandani nikidhani ananiambia mimi, nikiitikia.

Jumamosi, 5 Machi

Len amerudi.

Nilimkuta amesimama kwenye uzio, kofia mkononi. Len huvua kofia mazikoni na kwenye maonyesho ya liki, basi.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa pawatila," nikasema, kwa fahari.

Hakucheka. Aliuruka uzio, akachota udongo kwa viganja viwili, akautandaza mbele yangu. Ndani yake kulikuwa na vipande vyeupe vingi, kila kimoja kama urefu wa kidole.

"Unaviona?"

"Mizizi. Imekatwakatwa."

"Unadhani imekufa?"

"Imekatwa, Len."

"Dereva," akasema, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, na huo ndio ulionitisha, "ulikuwa na sangari moja. Kubwa, ndiyo, lakini moja. Sasa kila kipande hiki ni sangari yenye nyumba yake. Hujalima wewe. Umepanda."

Nilingoja anitanie. Angenitania ningejua bado kuna njia. Alivaa kofia, akarudi kwake, nikamsikia akifunga mlango wa banda la vioo taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Nimezunguka kijiji chote kabla ya kurudi nyumbani. Sijui nimepita wapi.

Jumatano, 9 Machi

Joto lisilo la kawaida. Kila mtu anashangilia jua isipokuwa mimi.

Alhamisi, 10 Machi

Zimetoka. Sindano za kijani, kishamba kizima, zimesimama wima kama nywele za mbwa aliyekasirika.

Ijumaa, 11 Machi

Nimeanza upya, kwa magoti. Nachoma uma, nainua, nabomoa bonge kwa mkono, natoa vipande kimoja kimoja naviweka kwenye ndoo. Ukiacha kimoja umeacha vyote. Ndoo ikijaa napeleka kwenye moto, narudi. Nikiinua kichwa naona kilichobaki, kwa hiyo siinui kichwa.

Jumapili, 13 Machi

Siku ya akina mama. Pauline alilia kidogo kwenye simu, nami nikamsubiri.

Halafu akasema, "Baba, kiache. Njoo ukae nasi huku. Chumba kipo."

"Nitafikiri."

"Huwa unasema hivyo. Mama hayupo pale, Baba. Ule ni udongo tu."

"Najua, mwanangu."

Najua kweli. Lakini nyumbani kila kiti kinanifukuza. Dukani watu wananipa pole na chenji kwa pamoja. Leeds nitakuwa mzee wa chumba cha juu. Nikiwa kishambani nimepiga magoti kwenye koti lile la mikate, mikono yangu ina pa kwenda. Wakikichukua sijui nitaipeleka wapi.

Jumatano, 16 Machi

Leo nimegombana na watu wawili, mimi niliyepita miaka yote kwenye milango ya watu bila kugombana na hata mmoja.

Gillian alikuja langoni kwenye manyunyu. Kabla hajasalimu nikamwambia, "Umefurahi sasa?"

"Kwa lipi?"

"Umelalamika kwa kamati, umepata ulichotaka. Hata huna haja ya kuja kuchungulia kila siku."

Alishika lango kwa mikono miwili. "Mimi? Mimi nimesubiri zamu tangu kabla Bi. Connie hajaugua, na sijafungua mdomo. Yule ndiye aliyenipa mche wangu wa kwanza wa nyanya, ningelalamika vipi? Muulize jirani yako."

"Jirani yupi?"

"Una jirani mmoja tu, Mzee Raine. Upande wa pili ni ua."

Niliutazama uzio wa Len. Yeye hakuwa amemaliza.

"Na nikuambie jingine mapema, ili usije ukasema nilikuvizia. Nalima kwenye ndoo za rangi, kwenye ngazi, na mwenye nyumba ameshasema nizitoe. Siku ile ya uma sitakuonea huruma. Nikianza kumwonea kila mtu huruma nitazeekea kwenye ngazi."

"Ni haki yako," nikasema.

"Najua ni haki yangu. Ndiyo maana naogopa kuja kukusalimu, na bado nakuja."

Nilikwenda moja kwa moja kwenye uzio. Len alikuwa akichuja mchanga.

"Len, ni wewe uliyelalamika?"

"Ndiyo," akasema, vivi hivi, kama mtu aliyeulizwa kama ana kiberiti.

"Kwa nini?"

"Mbegu za magugu yako zinaruka mpaka kwenye liki zangu. Ulitaka nizifukuze kwa fimbo?"

"Ungeniambia mimi!"

Aliweka chujio chini. "Mke wako alikuwa anakufa, Dereva. Ningekuambiaje? Ningegonga mlango niseme, pole kwa mgonjwa, na magugu vipi?"

Nilimwita mnafiki, neno ambalo sidhani nimewahi kulitumia nje ya kanisa. Akachukua chujio lake. Nimerudi nyumbani kwa njia ndefu.

Alhamisi, 17 Machi

Sikumsalimu Len. Hakunisalimu.

Ijumaa, 18 Machi

Vilevile.

Jumapili, 20 Machi

Mvua, lakini nimekwenda. Nimebakiza ukanda mmoja tu, ule wa kando ya uzio wa Len, kutoka bandani hadi kwenye ua. Niliuacha wa mwisho makusudi, nisimwone uso.

Gillian alipita. Tulisalimiana. Aliuliza goti langu linaendeleaje, maana alikuwa ameniona nikichechemea.

Jumatatu, 21 Machi

Nikiwa nachimba karibu na banda nilisikia Len akikohoa upande wake. Akakohoa tena.

"Mzizi wa hapo unakwenda chini sana," akasema hewani.

"Nimekuuliza?"

"Hujaniuliza."

Akakohoa tena, akaenda zake. Nilichimba chini zaidi. Ulikuwepo.

Jumatano, 23 Machi

Goti limevimba kama tikiti. Daktari amesema nisipige magoti. Nimemwambia sawa.

Alhamisi, 24 Machi

Goti halikunjiki. Nimelala kitandani mchana kutwa, nikisikiliza mvua ikiimwagilia sangari yangu.

Ijumaa, 25 Machi

Nimejikokota hadi kule. Ukanda wa uzio ni tope, uma unatoka na bonge zima na haukubali kutikiswa. Nimeusawazisha kwa reki ufanane na pengine. Kwa macho huwezi kutofautisha.

Gillian anaujua. Amesimama langoni siku nyingi, hawezi kukosa kuujua.

Kesho.

Jumamosi, 26 Machi

Naandika mbio, sijui kama nitasomeka.

Walikuja watu wengi kuliko nilivyotegemea. Bi. Audrey na wazee wawili wa kamati, mzee wa njiwa, na watu wa klabu ya liki, ambao wangeweza kukosa harusi lakini si uma. Len alikuwa kwenye uzio wake, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Gillian alikuwa amevaa koti safi. Bi. Audrey alimkabidhi uma wa chama, ule wa mpini wa mti wa zamani.

"Mara moja tu," akamwambia. "Popote."

Gillian alitembea polepole pembezoni. Alipita konani, pale alipowahi kusema maji yatatuama. Hayakutuama. Alipita katikati, palipo safi kabisa, na akapunguza mwendo. Nikadhani amebadili nia. Akanitazama.

"Mzee Raine, nichome wapi?"

Nafikiri kweli alikuwa ananiuliza. Ningesema hapohapo, angechoma hapohapo. Sote wawili tulilijua hilo.

"Popote upendapo," nikasema. "Ndiyo desturi."

Akavuta pumzi, akaenda kwenye uzio wa Len. Akakanyaga uma, ukazama, akainua.

Mizizi ilining'inia kwenye meno ya uma, myeupe, mingi. Niliangalia viatu vyangu. Bi. Audrey alitoa kalamu nyuma ya sikio.

"Hiyo ni yangu," akasema Len.

Watu wote wakageuka.

"Nini ni yako?" akauliza Bi. Audrey.

"Sangari. Imepita chini ya uzio. Imetoka kwangu."

Mtu mmoja wa klabu ya liki alicheka, akadhani ni mzaha, halafu akaona hakuna anayecheka naye. Len Dodds amesema mbele ya klabu nzima kwamba ana sangari. Ni kama askofu asimame madhabahuni aseme ana wake wawili.

"Si yake," nikasema. Sikuweza kunyamaza. "Bi. Audrey, ni yangu. Niliikata mwenyewe kwa pawatila."

"Nyamaza, Dereva!" Len alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Wewe unajua nini kuhusu sangari? Mtu aliyeipanda kwa injini! Miaka hii yote nimetazama udongo, nami nasema hii ni ya kwangu. Yupo hapa anayeijua sangari kuliko mimi?"

Hayupo. Hilo lilikuwa kweli.

Bi. Audrey alimgeukia Len. Kanuni anazo kichwani. "Mzizi uliotoka kwa jirani hauhesabiwi," akasema. "Hilo ni sawa. Lakini Len, kanuni haiishii hapo. Mwenye sangari inayovuka uzio huhesabiwa kuwa ardhi imemshinda. Na ambaye ardhi imemshinda hupunguziwa. Wewe una vishamba viwili."

Uso wa Len ukabadilika. Kile cha pili ndicho anachopumzishia ardhi, liki za mwaka mmoja hapa, za mwaka mwingine pale. Bila hicho hana mzunguko, na bila mzunguko bingwa hawi bingwa muda mrefu. Nadhani hilo alikuwa amelisahau kabisa aliposema. Mtu asiyekuwa na gugu hakariri kanuni za magugu.

"Nakuuliza mara ya mwisho," akasema Bi. Audrey. "Sangari hii ni ya nani?"

Bado angeweza kurudi nyuma. Angesema ametania, watu wangecheka, kishamba cha Connie kingekwenda kwa Gillian, naye angebaki na vyake viwili. Nilimwona akiutazama uma. Kisha akamtazama Gillian, aliyekuwa bado ameuinua, mikono ikianza kushuka kwa uzito. Mimi hakunitazama hata kidogo.

"Nimeshasema ni yangu," akasema. "Mnataka niimbe?"

Bi. Audrey akaandika. Kishamba kinabaki kwangu. Cha pili cha Len kinakwenda kwa Gillian Tweddle kuanzia leo, na Len aitoe sangari yake kwenye ukanda wangu kabla wiki ijayo haijaisha.

Nilikwenda kwenye uzio.

"Ukiniambia asante," akasema bila kugeuka, "nitamwita Audrey sasa hivi nimwambie nimekosea."

Jumapili, 27 Machi

Nimemsimulia Pauline. Akauliza, "Baba, liki ni kitu gani hasa kwa watu wa huko?" Nimejaribu kumweleza. Hajaelewa.

Jumanne, 29 Machi

Gillian amehamisha ndoo zake zote kutoka kwenye ngazi. Len alimwonyesha ni wapi maji yanapita, akimfokea kila hatua. Naye alimfokea vilevile.

Ijumaa Kuu, 1 Aprili

Kulikuwa na jua na upepo. Kijiji kizima kilikuwa nje kupanda viazi, kama kila Ijumaa Kuu. Nilizileta mbegu zangu ndani ya trei, zimechipua vizuri, na nikagundua nikiwa nimesimama pale kwamba sijui kina cha kuzipandia. Hilo Connie alilifanya peke yake kila mwaka na mimi sikuwahi hata kuuliza.

Gillian alisema kiganja kimoja. Mzee wa njiwa alisema viwili. Wakaanza kubishana, na mimi nikapanda safu moja hivi na moja vile.

Watu wa klabu ya liki walipita kwa zamu, hawakuwa na haraka. "Len, tumesikia unalima majani sasa!" "Len, utaleta sangari kwenye maonyesho? Tukuandalie meza?" "Bingwa, ile ya kwako ina urefu gani?" Len hakuwajibu. Alivuka uzio na uma wake, akapiga magoti kwenye ukanda wangu, akaanza kuinua udongo na kutoa vipande vyeupe kimoja kimoja, akivitupa kwenye ndoo.

Goti langu lilikuwa limepona kiasi. Ningeweza kumsaidia. Nilimwona akinitazama kwa pembe ya jicho, akisubiri nianze.

Nilimwacha achimbe. Ni sangari yake.